Daktari wa Vyura na Fundi wa Friza

Tangu niwe mtu mzima mama yangu hajawahi kuninyanyulia mkono. Lakini siku niliyomwambia kwamba mwanaume ninayempenda ni fundi wa mafriji, alinitupia jicho ambalo afadhali angenizaba kofi.

"Fundi wa nini?"

"Wa mafriji, mama. Na mafriza, na viyoyozi."

"Nilikusikia mara ya kwanza," akasema. "Nilikuwa nakupa nafasi ya kubadilisha jibu."

Mama alifundisha shule ya msingi miaka thelathini na miwili, na hata alipostaafu aliendelea kuongea na watu kama anayesahihisha madaftari. Mimi ni mwanawe wa pekee. Wakati huo nilikuwa na miaka thelathini na minne, nina shahada tatu, na ukoo mzima ulinijua kwa jina moja tu: Daktari wa Vyura. Lilianza kama utani wa shangazi, likaninasa. Majirani waliponiletea watoto wenye homa, niliwarudisha kwa aibu nikiwaambia mimi si daktari wa aina hiyo. "Basi wa aina gani?" wakiuliza, mama alikuwa anadakia haraka na kuwaulizia habari za nyumbani kwao.

Wiki tatu hakunipigia simu. Ya nne akapiga.

"Mlete Jumapili, saa tisa alasiri. Shangazi yako atakuwepo."

Nikajua kumekucha. Shangazi akiwepo, hayo si mazungumzo tena. Ni mahakama.

Nilipomweleza Fundi, alikuwa juu ya ngazi kwenye korido ya chuo, kichwa chake kimepotelea ndani ya dari. Akachungulia chini.

"Shangazi yako ndiye yule unayesema ana ulimi wa wembe?"

"Ndiye huyohuyo."

"Haya. Nitavaa shati nene."

Ningependa mjue kwanza nilivyompata mtu huyu, maana bila hilo mtadhani nilirogwa, kama alivyodhani shangazi.

Kazi yangu ni vyura wadogo sana, mmoja hazidi ukucha wa kidole gumba, wanaoishi chini ya majani yaliyooza katika misitu ya juu ya vilima. Kwa miaka minane nilipanda vilima kumi na tisa. Kutoka kwa kila chura nilichukua kipande cha ngozi kisichofika hata punje ya mchele, nikakitia kwenye kijichupa, nikaandika namba, nikakigandisha. Ndani ya vipande hivyo kuna vinasaba, ile hati ambayo kila kiumbe amerithi kutoka kwa waliomzaa. Vijichupa vyangu vyote vilikaa kwenye friza moja maabara, yenye baridi ya nyuzi themanini chini ya sifuri. Miaka minane ya maisha yangu ilikuwa ndani ya kabati moja la chuma linalonguruma.

Likazimika. Jumamosi, siku ya mapumziko, mimi niko harusini kwa binamu yangu na simu iko kwenye mkoba, mkoba uko chini ya meza. Mlinzi wa jengo ndiye aliyesikia king'ora cha friza, akapiga namba iliyobandikwa mlangoni. Nilipofika saa kumi, viatu vya kisigino mkononi na machozi tayari, nilimkuta mwanaume nisiyemjua amepiga magoti kati ya makasha ya barafu, glovu mikononi, kalamu mdomoni.

"Nani wewe? Unafanya nini?"

"Usiniguse tafadhali," akasema bila kugeuka. "Nahesabu."

Hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyoniambia katika dunia hii.

Alikuwa amepata nafasi kwenye friza ya ghorofa ya juu, akahamisha visanduku kimoja kimoja, na kila kimoja alikiandika kwenye karatasi: kimetoka rafu ya ngapi, mstari wa ngapi, kimekwenda wapi. Hakuna namba hata moja iliyochanganyika. Mimi mwenyewe nisingeweza. Lakini nafasi ya juu ilitosha visanduku kumi na nane, navyo vilikuwa kumi na tisa.

Akasimama, akavua glovu, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza.

"Daktari, kisanduku cha kilima cha kumi na moja kimeyeyuka. Mimi ndiye niliyekiacha mwisho. Sikujua kipi kina thamani kuliko kingine, nikaanza na vilivyokuwa karibu. Nisamehe sana."

Mjue jambo moja. Sampuli zikishaganda upya, kwa macho hazina tofauti. Angekirudisha tu kisanduku kile kwenye baridi na kunyamaza, nisingejua mpaka miezi sita baadaye, na ningejilaumu mwenyewe. Alikuwa anajua hivyo. Nilikaa chini sakafuni na gauni langu la harusini, nikalia kwa ajili ya kilima cha kumi na moja. Ila hata katikati ya kilio kile, kuna kona ya moyo wangu iliyokuwa imeshaacha kulia, imekaa kimya inamtazama yule mtu.

Akachuchumaa, akaniachia umbali wa heshima.

"Kilima chenyewe kiko mbali?"

"Saa sita kwa gari. Halafu saa nne kwa miguu."

"Basi nitakubebea mzigo."

Nilidhani anasema tu ili nifute machozi. Wiki sita baadaye, msimu wa mvua, alichukua likizo yake na kunibebea mzigo.

Siku ya pili kule juu, mvua ilikatika saa nne asubuhi na vyura wakaanza kulia. Mimi nilikuwa nimeinama nafukua majani. Fundi akasimama katikati ya njia, shingo ameiinamisha upande, kama anavyofanya akisikiliza mashine.

"Daktari, hawa si wale wa jana."

"Ni walewale. Kilima ni kimoja."

"Wale wa ng'ambo ya kijito walikuwa wanalia harakaharaka. Tik-tik-tik-tik. Hawa wanavuta. Tiik... tiik... Mimi nikikuta mashine mbili za aina moja, moja inanguruma hivi na nyingine vile, najua zimepishana kitu ndani."

Nikacheka. Halafu nikaacha kucheka. Kwa miaka minane nilikuwa napanda vilima wakati wa kiangazi, barabara zikiwa kavu, na kiangazi vyura wale hawalii. Sikuwahi hata siku moja kuwasikia. Tukarekodi milio, tukachukua sampuli ng'ambo zote mbili, na miezi minne baadaye, kwenye kompyuta ya maabara, mstari wa ukoo wao ukagawanyika mbele ya macho yangu. Makundi mawili. Sura moja, rangi moja, kilima kimoja, lakini hawajazaliana tangu kabla binadamu hajatembea duniani. Nilichokiita spishi moja zilikuwa mbili.

Mtu wa kwanza kumpigia simu hakuwa profesa wangu. Na nilipoiona ile namba niliyoichagua bila kufikiri, nikajua yaliyonifika.

"Fundi," nikasema, "masikio yako yamenipa chura mpya."

"Sasa mimi nitamfuga wapi?" akajibu. Kisha nikamsikia anavuta pumzi. "Hongera, mpenzi."

Alikuwa hajawahi kuniita hivyo. Nilikaa na simu sikioni hata alipokwisha kukata.

Basi, Jumapili.

Alifika saa tisa kasoro dakika kumi. Viatu vinang'aa, shati limenyooshwa hadi linakwaruza. Mikono ameisugua kwa sabuni na mchanga, lakini kwenye mikunjo ya vidole ile rangi nyeusi ya kazi ilibaki pale pale. Akaingia sebuleni, akapita kati ya viti vya mama vyenye vitambaa vya kufuma, akainama.

"Shikamoo mama. Shikamoo shangazi."

"Marahaba," akasema mama, fupi.

"Ma-ra-ha-baa," akasema shangazi, akilivuta neno kama mpira. Hakusubiri hata mtu akae vizuri. "Wewe ndiwe uliyewayeyusha vyura wa mwanetu?"

"Ndiyo, shangazi. Ni mimi. Kisanduku kimoja."

Shangazi akamgeukia mama. "Hata hajakana!" Alisema kwa masikitiko, kama wakili aliyejiandaa wiki nzima na kesi ikaisha kabla hajavaa joho.

Nikamimina chai. Nikakijaza kikombe kimoja mpaka chai ikamwagika kwenye sahani. Fundi akaona, akanitupia jicho dogo tu, lile la kuniambia tulia, nipo. Mama akaliona jicho lile. Hakuna kinachompita mama.

"Umesoma mpaka wapi?" akauliza.

"Kidato cha pili, mama. Baba aliugua, mjomba akanichukua kwenye karakana yake. Huko ndiko nilikojifunzia mafriji."

"Mwanangu ana shahada ya tatu."

"Najua, mama. Iko ukutani ofisini kwake. Inapinda pinda, nimeshainyoosha mara mbili."

Shangazi akakohoa kuzuia kicheko. Mama hakutikisika.

"Na unaifahamu kazi yake? Nisikufiche, kijana. Watu wanapenda kuoa jina. Daktari, daktari. Ukimwuliza huyo daktari anafanya nini, hana habari."

"Mama," nikaanza.

"Sijakuuliza wewe."

Fundi akaweka kikombe chini. "Nitasema ninavyoelewa mimi. Nikikosea, mwenyewe yupo, atanisahihisha. Mama, naomba niazime vikombe vyako."

Akavipanga mezani vikombe vinne, kila kimoja mbali na mwenzake, kile kidogo mwishoni, juu ya kitambaa.

"Hivi ni vilima. Juu kuna msitu, kuna ubaridi na umande. Hapa kwenye kitambaa ni bondeni, kuna jua na ukavu. Chura mwenyewe ngozi yake laini, akishuka bondeni anakauka kabla hajafika kikombe cha pili. Kwa hiyo wa hapa wanabaki hapa, wa pale wanabaki pale. Babu, baba, mjukuu, kilima kilekile. Miaka maelfu na maelfu."

"Endelea," akasema mama. Alikuwa amesogea mbele kwenye kiti.

"Sasa kilima kikubwa kina vyura wengi, wa kila namna. Mmoja anavumilia baridi, mwingine joto, mwingine ugonjwa fulani haumpati. Ukija ugonjwa, watakufa hawa, watabaki wale. Lakini kilima kidogo kama hiki, wako wachache, wanaoana wenyewe kwa wenyewe. Wote wamekuwa kama pacha. Ukija ugonjwa ukamweza mmoja, umewaweza wote. Daktari anachukua kipande cha ngozi, anasoma nani ni ndugu wa nani na kwa umbali gani. Akishajua, ndiyo anaweza kuwaambia wenye kukata misitu: hapa msiguse, hapa kuna ukoo ambao haupo kwingine kokote. Mkiufuta hapa, umekwisha duniani."

Mama akavitazama vikombe vyake, akakigusa kile kidogo cha mwisho kwa ncha ya kidole.

"Kumbe ni undugu," akasema taratibu. "Anasoma undugu."

"Ndiyo, mama."

"Kama wazee wanavyoulizana kabla ya posa, binti wa nani na kijana wa nani, asije mtu akaolewa na kaka yake."

"Hivyohivyo, mama. Ila vyura hawana wa kuwauliza. Wana yeye."

Mama akanigeukia. Sikuwa nimewahi kumwona na uso ule. "Miaka minane. Kwa nini hukuwahi kunieleza hivi?"

"Hukuniuliza, mama."

"Nilikuwa naogopa!" Sauti yake ikapanda, kisha ikashuka. "Mwalimu mzima, nimuulize mwanangu anafanya kazi gani, anijibu, nisielewe? Nikaona bora ninyamaze."

"Na mimi nilidhani hukuona thamani yake."

"Mjinga wewe," akasema, na macho yake yakajaa maji. "Kila unapopanda hivyo vilima silali."

Nikadhani yamekwisha. Nikaanza hata kutabasamu. Lakini mama akajifuta macho kwa kitambaa, akakaa wima, na mwalimu akarudi.

"Umejieleza vizuri, kijana, nakupa maksi zako. Lakini mtihani wenyewe haujafika. Utakwenda naye mahali. Kuna maprofesa, kuna wageni wenye suti. Watakuuliza wewe nani, utasema fundi. Watacheka. Si mbele yako, watacheka pembeni, lakini utasikia. Mwanaume akidharauliwa nje, analipiza ndani ya nyumba. Wewe utafanya nini?"

Fundi hakujibu haraka. Hiyo ndiyo tabia yake ninayoipenda kuliko zote: swali zito analipa muda.

"Itaniuma, mama. Sitakudanganya kwamba haitaniuma. Imeshaniuma." Akanitazama kama anayeomba ruhusa. Sikujua anataka kusema nini. "Mwezi uliopita Daktari alikuwa anatoa matokeo ya utafiti wake kwenye ukumbi wa chuo. Alinialika. Kiti cha mbele, kina karatasi ya jina langu. Kabla hajaanza, kiyoyozi kikafa. Profesa mmoja akaniona, akanikumbuka. Akasema kwa sauti, 'Aa, fundi, kumbe uko hapa, afadhali, hebu tutengenezee.' Watu wakacheka. Hawakukusudia ubaya, walicheka tu."

Mimi nilikuwa nyuma ya pazia siku hiyo nikipanga picha zangu. Sikujua habari hizi.

"Ukafanya nini?" akauliza shangazi. Alikuwa amesahau ukali wake.

"Nikainuka, nikatengeneza. Ilikuwa waya tu. Kisha nikaenda kunawa mikono, nikarudi, nikakaa kwenye kiti changu cha mbele. Maana kazi ile ni yangu, siionei haya. Na kiti kile nacho kilikuwa changu. Nilikaa mpaka mwisho. Alipomaliza nikampigia makofi."

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza.

"Ilikuwa siku yako, Daktari. Ningekupa huzuni yangu uishike pamoja na yale maua waliyokupa?"

Nilimtazama mtu yule na mikono yake ya kazi imelala juu ya magoti, nikashukuru kimoyomoyo, kwa kila kitu, hata kwa yaliyoniliza.

Mama alikuwa ameinuka. Alikwenda akasimama mbele ya picha ya marehemu baba iliyoko ukutani, akatugeuzia mgongo.

"Huyu," akasema, "alikuwa dereva wa gari la taka. Mimi mwalimu. Siku ya harusi yetu mwalimu wangu mkuu alisimama kutoa nasaha, akasema shule imepata wa kuitolea uchafu bure. Ukumbi mzima ukacheka. Na yeye akacheka nao. Lakini tangu siku ile hakukanyaga shuleni kwangu. Siku za mahafali, siku niliyopewa cheti cha mwalimu bora, siku niliyofanywa mwalimu mkuu. Kila mara namwekea kiti. Kila mara kinabaki kitupu. Aliniheshimu, hakunikosea, tuliishi vizuri. Lakini vile viti vitupu nimevibeba mpaka leo. Nisingependa mwanangu avibebe. Ndiyo sababu yangu, na si nyingine."

Sikuwahi kuzisikia habari hizi. Nilimkumbuka baba nyumbani, mpole, akinawa mikono mara tatu kabla ya kunishika. Sikuwahi kujua kuna mahali alipokosekana.

"Wifi," akasema shangazi.

Sauti yake ilikuwa ndogo, haikufanana na yeye. Mama akageuka.

"Kaka yangu alikuwa anakuja."

"Anakuja wapi?"

"Shuleni kwako. Kila mara. Alikuwa anaegesha gari nyuma ya uzio, anasimama pale na ovaroli lake. Siku ya cheti nilikuwa naye. Walipotaja jina lako alipiga makofi peke yake kule nje, akapiga, akapiga, mpaka mlinzi wa shule akaja kumuuliza wewe unapiga makofi ya nini. Akasema, 'Yule ni mke wangu.'" Shangazi akacheka huku machozi yanamtiririka. "Mlinzi hakuamini. Akamwambia ondoa gari lako, linanuka."

Mama alishika mgongo wa kiti.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Aliniapisha. Alisema utaaibika ukijua amekuja na gari lile. Halafu akatutoka, na mimi... wifi, nisamehe. Nilikuwa na uchungu nawe. Nilidhani wewe ndiye uliyemkataza kuingia."

"Mimi? Mimi niliyekuwa nalinda kiti chake wasikikalie?"

"Sasa ndiyo najua. Leo ndiyo najua."

Wakatazamana, wanawake wawili waliokwaruzana miaka ishirini kwa mambo ya sufuria na mialiko, kumbe lililowakwaruza lilikuwa hilo moja. Mama akatembea hatua tatu, akamwinamia wifi yake pale kitini, wakashikana, wakalia kama wamepata msiba na sherehe kwa wakati mmoja. Fundi akaniangalia, akaonyesha mlango kwa jicho: tutoke? Tukatoka.

Tulikaa kwenye ngazi za uani karibu nusu saa.

"Nimeharibu?" akauliza.

"Hapana. Nadhani umetengeneza kitu ambacho hatukujua kimeharibika."

"Mimi sijafanya kitu. Nimesema ukweli wa kiyoyozi tu."

Nikaweka kichwa changu begani kwake, mchana kweupe, nyumbani kwa mama. Moyo wake ulikuwa unakwenda mbio chini ya lile shati gumu. Kumbe muda wote ule sebuleni, alivyoonekana mtulivu, alikuwa anaogopa kama mimi.

"Asante kwa kuja," nikamwambia.

"Asante kwa kunialika. Mara zote mbili."

Mama alipotuita alikuwa ameosha uso. Shangazi alikuwa jikoni, anatengeneza chai nyingine na kusema peke yake. Mama hakukaa. Alisimama mbele ya Fundi, na Fundi akasimama pia.

"Nina shukrani mbili," akasema mama. "Ya kwanza, umenionyesha kazi ya mwanangu. Kesho jirani akiniuliza ni daktari wa aina gani, nitamketisha na kumpangia vikombe. Ya pili..." Akaitazama picha ya baba ukutani. "Ya pili, kwa kunawa mikono na kurudi kwenye kiti chako. Kama si hilo, leo wifi yangu asingefungua mdomo, na mimi ningekufa nikidhani mume wangu alinionea haya."

"Mama, mimi..."

"Sijamaliza. Wakubwa wako ni nani?"

"Yupo mjomba, mama. Na dada yangu mkubwa."

"Huyo dada ana maneno mengi?"

"Ana... ana maneno, mama."

"Vizuri. Atakaa na wifi yangu. Waambie waje mwisho wa mwezi, tuzungumze kama watu wazima."

Shangazi akatoa kichwa jikoni. "Na aje na vifaa vyake! Friji langu linavuja tangu mwaka juzi!"

"Wifi!" mama akamkemea, lakini alikuwa anacheka. Tukacheka wote, hata mimi niliyekuwa nalia.

Saa kumi na mbili nilimsindikiza mpaka getini. Alikuwa anatembea kama mtu aliyebeba yai, hataki kuamini, hataki kuliangusha. Alikuwa amekwisha kufungua komeo mama alipojitokeza barazani, kiganja kimekinga jua la jioni.

"Mkwe wangu!" akaita. "Ukifika kwako utupigie, tujue umefika salama!"

Fundi akasimama. Akageuka nyuma, akatazama barabarani, kisha akanitazama mimi.

"Anamwita nani?"

"Wewe," nikamwambia. "Itika."